Bonyeza, Subiri, Ndipo Useme

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya ya Kasulu haikuwa na simu ya mkononi. Ilikuwa na vumbi kiangazi, tope masika, na wakimbizi mwaka mzima. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika, na kambi za Warundi zilikuwa zimetapakaa mkoani Kigoma. Penye watu wengi namna hiyo kuna uzazi, kuna kipindupindu, kuna moto wa nyumba za nyasi, kuna malori yanayopinduka. Kilichowaunganisha zahanati, dereva wa gari la wagonjwa, askari na hospitali kilikuwa redio koli. Mimi nilikuwa opereta. Kituo chetu kikuu kiliitwa Bezi, nami madereva wakaniita Dada Bezi. Wengine hawakulijua jina langu jingine mpaka mkataba wangu ulipokwisha.

Naandika haya kwa sababu siku hizi nasikia mipango mingi ya mitandao maalumu ya dharura: minara, kamera, vituo vya kuratibu vyenye skrini ukuta mzima. Ni mipango mizuri. Lakini nimekaa nyuma ya mtandao wa namna hiyo nikajua unavyookoa, na pia nikaona unavyokufa, na katika hayo mawili mtambo wenyewe una sehemu ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Chumba chetu kilikuwa na meza moja na redio mbili. Moja ilikuwa ya VHF, ya kuongea humu humu wilayani. Ya pili ya HF, ya kufika mbali. Ukutani palikuwa na saa, ramani, na orodha ya majina ya kuitana. Mezani palikuwa na daftari kubwa la kuandika kila ujumbe na saa yake, na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, maana wageni walikuwa hodari wa kuondoka nayo. Redio ya mkononi ina nguvu ya wati 5 tu, na mawimbi ya VHF husafiri kwa mstari ulionyooka: kilima kikiingia kati, mazungumzo yameishia hapo. Ndiyo maana juu ya mlima paliwekwa ripita, redio inayopokea sauti kwa masafa fulani na papo hapo kuirusha tena kwa masafa mengine, ikiwa juu kiasi cha kuonekana na bonde la huku na la kule. Ripita hiyo iliishi kwa paneli za sola na betri za volti 12. Hakukuwa na mlinzi wala mtambo mwingine wa akiba.

Ripita ina tabia moja ambayo kila mgeni hujifunza kwa shida. Ukibonyeza kitufe cha kuongelea, inachukua kitambo kidogo kuamka. Mtu akibonyeza na kusema kwa pamoja, silabi yake ya kwanza inamezwa. Sasa fikiria lugha yetu inavyokanusha. Mhudumu wa zahanati anasema "Hatuna damu", upande wa pili inafika "Tuna damu". Kwa hiyo tulifundishwa, nasi tukawafundisha wengine: bonyeza, subiri, ndipo useme. Anza na jina la unayemwita, ili kama kuna kitu cha kumezwa kimezwe hicho. Na neno lolote la kukanusha lirudiwe: "Hakuna damu. Narudia, hakuna."

Mafunzo hayo hayakukaa kwa kusomwa kwenye karatasi. Yalikaa kwa sababu ya redio cheki. Kila asubuhi na kila jioni opereta aliita vituo vyote na magari yote, moja baada ya jingine, na kila mmoja akajibu kwamba anasikika. Asiyejibu aliwekewa alama nyekundu kwenye daftari, na fundi akapewa jina lake kabla chai haijapoa. Madereva walilalamika: "Dada Bezi, kila siku unatuita kama watoto wa shule." Nikawajibu kwamba betri iliyokufa ni heri nijue asubuhi kuliko saa nane usiku. Faida ya pili hawakuiona, na hata mimi nilichelewa kuiona: kwa kuitana kila siku, watu wa idara tofauti walizijua sauti za wenzao. Askari alimjua mkunga kwa sauti kabla hajamwona uso.

Usiku mmoja wa masika niliona mambo hayo yote yakifanya kazi kwa pamoja. Mkunga wa kituo kimoja cha afya kambini, mama mtu mzima aliyetoka Kivu ya Kusini, aliingia hewani kwa neno ambalo kwetu lilikuwa na uzito wa king'ora.

"Breki, breki, breki. Bezi, uko unanisikia?"

Kanuni ilikuwa kwamba ukisikia breki tatu, unanyamaza, hata kama ulikuwa katikati ya sentensi na hata kama wewe ni bosi. Waliokuwa wakizungumzia mafuta ya jenereta wakanyamaza.

"Nakupata, mama. Sema."

"Kuko mama hapa anazaa, damu inatoka mingi. Mulete gari mbiyo, dada."

Gari la wagonjwa lilikuwa njiani kuelekea hospitali ya Kabanga na mgonjwa mwingine. Nilikuwa naanza kumwita dereva wake kumuuliza amefika wapi, ndipo ikaingia sauti ya mwanamume niliyemjua kwa kikohozi chake.

"Bezi, hapa Mobaili Kumi na Moja. Sijaitwa, lakini nipo jirani na hapo. Dakika kumi nimefika."

Huyo alikuwa dereva wa gari la mafundi. Walikuwa wametoka kunasua lori lililozama kwenye tope.

"Kumi na Moja, una nafasi ya kumlaza mtu?"

"Tunashusha vipuri hapa hapa barabarani, dada. Godoro watupe wao."

Mkunga akaitikia kwamba godoro lipo, na kwamba ataingia garini yeye mwenyewe. Askari wa kizuizi, ambaye naye hakuitwa, akasema lango litakuwa wazi. Nikageukia HF kuomba hospitali iandae chumba na watu wa kujitolea damu. Mama yule alipona. Mtoto hatukumuwahi.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kichwani, na linalonigusa kila mara ni kwamba gari lililomwokoa yule mama halikuwa kwenye orodha yangu ya magari ya kuita. Ningekuwa na simu ningempigia dereva wa gari la wagonjwa, kisha msimamizi wake, kisha mtu mwingine, mmoja mmoja, na Mobaili Kumi na Moja angepita zake akiwa hajui kwamba dakika kumi tu kutoka hapo kuna mtu anayekufa. Simu humfikia uliyemchagua. Redio ya kikundi humfikia kila aliye karibu, na katika dharura anayefaa zaidi mara nyingi ni yule ambaye usingefikiri kumpigia.

Miaka ikapita, nikahamia Dar es Salaam, na simu ya mkononi ikawa ya kila mtu. Nilikuwa naishi upande wa Ukonga usiku wa Februari 16, 2011, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Gongo la Mboto. Anga liliwaka, madirisha yakapasuka, watu wakatoka mbio na watoto wasio wao wakidhani ni wao. Wengine walilala Uwanja wa Uhuru. Kila mtu alikuwa na simu mkononi, na kila mtu alikuwa akimpigia kila mtu. Jirani yangu alikuwa muuguzi. Alisimama uani akipiga wodini kwake kuuliza kama wanamhitaji, na simu ikamjibu kwa mlio mfupi wa kukatika, tena na tena, mpaka akaamua kuvaa viatu na kwenda.

Hakuna aliyekosea pale. Mtandao wa simu za kawaida umepangwa kwa hesabu kwamba watu hawatapiga wote kwa wakati mmoja, na kwa mtandao huo simu ya muuguzi na simu ya kijana anayesimulia alichokiona ni simu mbili sawa. Anayewahi ndiye anayepita. Kule Kasulu tulikuwa na breki tatu. Mjini, pamoja na minara yote ile, hapakuwa na namna yoyote ya kuwaambia watu wengine wanyamaze.

Wenzetu wa nchi tajiri wamelipa gharama kubwa kuyajua hayo hayo. New York, Septemba 11, 2001, helikopta za polisi ziliona kutoka angani kwamba mnara wa kaskazini wa World Trade Center unaelekea kuanguka, zikatoa onyo kwa polisi wenzao. Makamanda wa zimamoto hawakuwa kwenye chaneli ile. Zimamoto 343 walikufa siku hiyo, na tume iliyochunguza ilisema kwamba baadhi ya waliokuwa ndani hawakuisikia amri ya kutoka, na wengi hawakujua kwamba mnara wa pili ulikuwa umekwisha kuanguka. London, moto wa stesheni ya King's Cross uliua watu 31 mwaka 1987, na uchunguzi uliotoka mwaka uliofuata ukapendekeza mawasiliano ya redio chini ya ardhi yarekebishwe. Mabomu yalipolipuka kwenye treni za chini Julai 7, 2005, kati ya idara za dharura, redio zilizofanya kazi kule chini zilikuwa za Polisi wa Usafiri peke yao. Zimamoto walituma watu kupanda na kushuka ngazi wakibeba ujumbe kwa mdomo. Pendekezo lilikuwa limekaa miaka 17.

Kwa mahitaji kama hayo Ulaya ilieneza mfumo wa redio za kidijitali uitwao TETRA. Una vikundi vya kuzungumza kama tulivyokuwa navyo. Una kitufe cha dharura kinachomkatiza yeyote aliye hewani. Na mnara ukizimika, redio mbili zilizo karibu zinaweza kuongea zenyewe moja kwa moja. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2012 ya kuunda FirstNet, mtandao wa intaneti wa simu kwa ajili ya polisi, zimamoto na wahudumu wa ambulensi, na mwaka 2017 kampuni ya AT&T ikapewa mkataba wa miaka 25 kuujenga na kuuendesha. Serikali ilitoa dola bilioni 6.5 na masafa ya megahezi 20 yaliyotengwa. Wananchi wa kawaida huruhusiwa kuyatumia masafa hayo yakiwa hayana kazi, lakini mtu wa uokoaji akiyahitaji, wao huondolewa. Ni kama njia ya mwendokasi ambayo daladala zingeruhusiwa kupita ikiwa tupu, ila zitoke mara basi lake litokeapo.

Kwamba jambo hili ni la lazima, ushahidi ulikuja mwaka 2018 huko California. Kikosi kimoja cha zimamoto, kikipambana na moto mkubwa wa misitu, kilikuta intaneti ya gari lake la uratibu imepunguzwa kasi na kampuni ya simu kwa sababu bando lao lilikuwa limefika kikomo. Msomaji wa Tandale au Kisumu anaijua adha ya bando kukata katikati ya jambo. Hao iliwakuta katikati ya moto.

Mpaka hapa mtu anaweza kuhitimisha kwamba dawa ni masafa maalumu na mitambo ya kisasa, basi tutafute fedha. Kenya ilichukua njia hiyo baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate mwaka 2013: mwaka uliofuata serikali iliingia mkataba wa karibu shilingi bilioni 15 na Safaricom kuwapatia polisi wa Nairobi na Mombasa mawasiliano na kamera. Miji mikubwa ina hoja zake. Ila mimi nina jambo la kuongeza kuhusu yanayotokea baada ya uzinduzi.

Miaka mingi baada ya kuondoka Kasulu nilipita sehemu fulani ya nyanda za magharibi iliyowahi kuwa na mtandao kama wetu. Mradi ulikuwa umekwisha na vifaa vikakabidhiwa kwa mamlaka ya pale, kwa hotuba na picha. Nikaomba nipelekwe ilipo ripita. Boksi lake lilikuwa limefungwa kwa kufuli zuri, paneli za sola zikiwa na vumbi lakini nzima. Kijana aliyenisindikiza akafungua. Redio ilikuwepo. Nyaya zilikuwepo, zimekatwa vizuri na kufungwa ncha kwa mkanda. Betri hazikuwepo. Zilipokufa, akaniambia, waliandika barua kuomba mpya, wakajibiwa hakuna fungu. Wakaandika tena mwaka wa fedha uliofuata. Kisha fundi akahamishwa, na aliyekuja hakuoneshwa kilima. Kwenye zahanati ya chini redio ilikuwa bado mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa heshima kabisa, na juu ya kitambaa pamewekwa chombo cha maua ya plastiki.

Hakuna aliyeiba mtambo ule. Uliuawa na gharama ndogo isiyokuwa na mwenyewe. Kununua mtandao ni jambo la mara moja, na wafadhili hulipenda. Betri, leseni ya masafa kwa mamlaka ya mawasiliano, mshahara wa opereta wa usiku na mafuta ya pikipiki ya fundi ni mambo ya kila mwaka, na hayo hayapigwi picha. Zaidi ya hayo, pale walikuwa wameacha redio cheki mara tu mradi ulipokwisha. Laiti wangeendelea kuitana kila asubuhi, kimya cha ripita kingekuwa habari ya siku ile ile. Walipoacha, mtandao ulikufa na hapakuwa na aliyejua tarehe.

Kuna swali lingine ambalo mipango mikubwa hulikwepa: huyo anayeitwa mwokoaji wa kwanza ni nani hasa? Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alijulikana nchi nzima kwa simulizi kwamba aliupiga kasia mlango wa ndege mpaka ukafunguka. Watu 24 waliokolewa, 19 walikufa. Majaliwa baadaye aliajiriwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na nilifurahi kama walivyofurahi wengi. Lakini nilijiuliza pia kuhusu wavuvi wenzake waliobaki na mitumbwi yao. Dharura ijayo, katika ufuko mwingine wa ziwa lile, ni wao tena watakaofika kwanza. Je, kuna chaneli ya kuwafikia? Na wao wakiona jambo, wana njia ya kusema breki tatu ambayo mtu ataitii?

Hili si jambo la ndoto. Huko Iganga, mashariki mwa Uganda, mwaka 1996 ulianzishwa mradi uliowapa wakunga wa jadi redio za mkononi, vituo vya afya na gari la wagonjwa redio za VHF, na umeme wa sola kuziendesha. Mkunga wa kijijini, asiye na cheti chochote, aliweza kuita msaada kwa sauti yake mwenyewe. Hapa Tanzania mfumo wa m-mama umefuata wazo linalokaribiana na hilo kwa zana za leo: ukipiga 115 bila malipo, mratibu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo huita dereva wa kawaida wa pale pale aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama au mtoto mchanga. Ulianza wilaya chache za Kanda ya Ziwa, na tangu mwaka 2022 umekuwa ukienezwa nchi nzima. Yule dereva wa Mobaili Kumi na Moja sasa yumo kwenye orodha. Kilichobaki ni kwamba mfumo huo, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, unapita kwenye minara ile ile ya biashara, inayojaa watu siku ya balaa na kuzimika umeme ukikatika muda mrefu.

Nikiulizwa na madiwani, na huwa naulizwa kwa kuwa nimezeeka na nina maneno mengi, siwaambii wanunue mtambo fulani. Nawaambia waanze na ripita moja ya VHF kwa wilaya, na redio kwa zahanati, kituo cha polisi, zimamoto, mwenyekiti wa mwalo na madereva wawili watatu wanaolala na magari yao. Simu ziendelee, na kundi la WhatsApp liendelee, maana picha ya jeraha humfaa daktari kuliko maelezo yangu. Ila pawepo na chaneli moja ambayo wote wanaisikia, yenye neno moja linalowanyamazisha wote, akiwemo mkuu wa wilaya. Iitwe kila asubuhi na kila jioni, mvua au jua. Na asiyejibu afuatwe siku hiyo hiyo.

Kisha nawaomba wanioneshe kitabu cha bajeti. Natafuta mstari wa betri. Usipokuwepo, nawashauri waahirishe uzinduzi mpaka uwekwe, hata kama turubai limekwisha kukodiwa na mgeni rasmi yuko njiani. Utepe unaweza kukatwa mwakani.